Uzi maalumu: uvimbe kwenye moyo wa mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga

#1 Mpima_Mioyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kupima mioyo ya watoto kwa altrasaundi, waliozaliwa na ambao bado wako tumboni. Siku nyingi kazi haina hadithi: naona chemba nne, vali zinafunguka na kujifunga, mama anajifuta jeli, anakwenda zake. Zipo siku chache ambazo probu, kile kifaa cha mkononi cha altrasaundi, inasimama. Kwenye ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, yaani vyumba vya chini vya moyo, kuna kitu cheupe, cha mviringo, kinang'aa kuliko nyama ya moyo iliyokizunguka, na moyo ukidunda nacho kinakwenda nao. Nikiinamisha probu kidogo kinajitokeza cha pili, upande wa kushoto. Nanyamaza kwa sababu nahesabu na kupima. Mama aliyelala pale huo ukimya anausikia kuliko neno lolote nitakalosema baadaye.

Kwenye uzi wa wajawazito watu watatu wameuliza habari hii ndani ya mwezi mmoja, na majibu waliyopewa yamenikosesha raha. Mmoja kaambiwa ni saratani. Mwingine kaambiwa "utayeyuka wenyewe, nenda kapumzike". Wa kwanza kapotoshwa. Wa pili kapewa nusu ya ukweli, na hiyo nusu aliyonyimwa ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mpimaji, si daktari bingwa, na hapa hatumtibu mtu. Nataka ukiingia kliniki uwe na maswali mkononi.

Uvimbe ulioanzia moyoni ni nadra kwa binadamu wa umri wowote. Kwa walio tumboni na wachanga, zaidi ya tisa kati ya kumi si saratani. Ila kwenye moyo neno "si saratani" halitoshi kumpa mtu usingizi. Moyo wa mtoto wa wiki 20 haupiti sana upana wa ukucha wa dole gumba. Uvimbe usio na ubaya wowote, ukikaa kwenye njia ya kutokea damu, ni kama mtu mpole aliyesimama mlangoni mwa basi: hana nia mbaya na yeyote, lakini hakuna anayeshuka.

Unaoonekana kuliko yote ni rabdomioma, uvimbe wa seli za msuli wa moyo wenyewe. Zaidi ya nusu ya vivimbe vya moyo vya umri huu ni huo. Wengine ni teratoma, fibroma na hemangioma. Miksoma, ambayo ndiyo maarufu kwa watu wazima, kwa hawa wadogo karibu hatuioni.

Rabdomioma ina tabia yake ya pekee. Mara nyingi huonekana kati ya wiki ya 20 na ya 30, huendelea kukua mpaka mimba inapokaribia mwisho, halafu mtoto akishazaliwa huanza kunywea. Nimepima watoto wa miaka mitatu ambao ningepewa picha bila faili nisingejua kama kuliwahi kuwa na kitu pale. Ndiyo maana kwa wengi tiba ya kwanza ni kupima, kuandika tarehe, na kupima tena.

Karibuni.

#2 Kambi_ya_Kudumu

Nimeweka mkeka. Uzi wa namna hii ndio unaofanya niendelee kulipa bando.

#3 Mdadisi

Mkuu, swali la kichokozi. Hamjakata kinyama, hamjapeleka maabara, mtoto mwenyewe bado anaogelea. Mnajuaje kwamba ni rabdomioma na siyo hizo nyingine? Au mnabahatisha?

#4 Mpima_Mioyo

Swali zuri na halina uchokozi. Kinyama hatukati kwa sababu hatari yake ni kubwa kuliko faida. Tunasoma tabia.

Rabdomioma kwa kawaida huwa zaidi ya mmoja, umekaa ndani ya ukuta wa ventrikali au umechungulia kwenye chemba, rangi yake kwenye skrini ni moja kote, hauna mashimo ndani. Fibroma hutokea peke yake, mara nyingi kwenye ukuta wa katikati au ukuta wa ventrikali ya kushoto, na katikati yake huweza kuwa na chembe za chokaa. Fibroma hainywei kama rabdomioma, na ndiyo inayoogopesha kwa mapigo ya moyo kwenda mbio kutoka ventrikali. Ikionekana, madaktari huuliza pia kuhusu ugonjwa wa kurithi wa Gorlin. Teratoma haikai kwenye nyama ya moyo: hukaa nje, ndani ya mfuko wa moyo, imejishikiza karibu na shina la aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na ndani yake ni mchanganyiko wa vifuko vya maji na sehemu ngumu. Hemangioma ni fungu la mishipa ya damu, hupenda jirani na atriamu (chumba cha juu cha moyo) ya kulia, nayo huweza kuleta maji kwenye mfuko wa moyo.

Tunabahatisha? Wakati mwingine uvimbe mmoja peke yake unatuweka njia panda, na hapo picha ya pili baada ya wiki mbili inasema kuliko mabishano. Vikiwa vitatu au vinne ndani ya ventrikali zote mbili, ubishi huwa umekwisha.

#5 MamaWaKwanza

Samahani wakubwa zangu, najiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Nina mimba ya wiki 27, ya kwanza. Juzi nimeambiwa vivimbe vitatu, kikubwa milimita 14, kiko kwenye ukuta wa katikati. Mapigo yako sawa, hakuna maji yaliyomjaa mtoto. Daktari aliongea vizuri sana lakini sikusikia kitu baada ya neno uvimbe. Nilikuwa naangalia kamba ya kiatu chake.

Wiki ya tano, kabla sijajua nina mimba, nilikunywa dawa ya mafua. Na kazini nabeba vitu vizito. Naomba mniambie ukweli, ni hiyo?

#6 Mpima_Mioyo

Dada, karibu, na pole. Hapana, siyo hiyo. Wala siyo mizigo.

Vivimbe vingi vya namna hii vina uhusiano na hali iitwayo tuberasi sklerosisi, kwa kifupi TSC. Ziko jeni mbili, TSC1 kwenye kromosomu ya 9 na TSC2 kwenye kromosomu ya 16. Protini zinazotokana na jeni hizo hushikana na kufanya kazi kama breki ya mtambo wa kukuza seli, mtambo unaoitwa mTOR. Jeni moja ikiharibika, breki inalegea, na seli za sehemu fulani zinakua bila mpangilio: moyoni, kwenye ubongo, ngozi, figo. TSC humpata takriban mtoto mmoja kati ya 6,000, na karibu theluthi mbili yao hawakurithi kwa mzazi yeyote. Hitilafu ilianza kwao wenyewe, na hakuna kitu alichofanya mama.

Kinachonishangaza, moyo na ubongo vilionekana pamoja tangu mwanzo. Mwaka 1862 Friedrich von Recklinghausen, Mjerumani, alieleza habari za mtoto mchanga aliyefariki akiwa na vivimbe moyoni na maeneo magumu kwenye ubongo. Bourneville wa Ufaransa alikuja kuupa ugonjwa jina mwaka 1880, na jeni zenyewe zikapatikana miaka ya 1990. Lakini mpaka leo bado kuna watu wanautibu moyo kama vile hauna mwenyewe.

Vivimbe vikiwa vingi, uwezekano wa TSC ni mkubwa, zaidi ya nusu kwa mbali. Kikiwa kimoja hupungua, ila hauishi. Kwa hiyo kwako mambo ya kuuliza ni haya: altrasaundi ya moyo irudiwe kila baada ya muda gani, kama kuna haja ya MRI ya ubongo wa mtoto, ambayo huonyesha vizuri zaidi mimba ikishafika kama wiki 30, na kipimo cha jeni, kwa kuchukua maji ya uzazi sasa au damu ya mtoto akizaliwa. Ujue pia kwamba MRI safi haifuti TSC, na kipimo cha jeni hushindwa kukamata hitilafu kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi ambao ugonjwa wanao kweli. Wewe na baba mtoto nanyi mkaguliwe ngozi, maana wapo wazazi waliogundua kwamba wanayo siku walipompima mtoto.

Milimita 14 bila maji na mapigo yakiwa sawa: ningekuwa mimi nimekupima, ningelala usiku ule.

#7 Bundi_wa_Zamu

Naongezea kwa ajili ya wasomaji wengine. Mimi nimeambiwa "doa jeupe kwenye moyo" nikapoteza usingizi wiki nzima kwa kusoma nyuzi kama hii. Kumbe doa na uvimbe ni vitu viwili.

#8 Mpima_Mioyo

Umenikumbusha. Lile doa dogo sana linalong'aa kama mfupa, limekaa kwenye vimisuli vinavyoshikilia kamba za vali na linacheza navyo, ni chembe ya chokaa. Linaonekana kwa mimba nyingi tu, asilimia 3 hadi 5, na moyo unakuwa mzima. Haliitwi uvimbe na halikui. Mjamzito akiambiwa "kuna kitu cheupe", aulize kitu kimoja: kimepimwa urefu na upana, au ni doa?

#9 BabaPili

Nimesoma kimya siku nne. Sasa nasema.

Mtoto wetu alizaliwa na vivimbe viwili. Miezi minne akapimwa, vimepungua hadi nusu. Hospitali (sitaitaja, na mods msiniombe) ikatuambia mtoto amepona, hakuna haja ya kurudi. Tulitoka pale tumebeba mtoto kama kombe.

Mwezi wa tano, kila asubuhi akiamka, anainamisha kichwa ghafla, mikono inafunguka kama anataka kukumbatia kitu, sekunde moja, basi. Halafu tena. Halafu tena. Hatetemeki, hatoi povu, hakuna chochote ninachokijua kama degedege. Bibi yake akasema ni tumbo. Mimi nikasema anashtuka ndoto. Siku moja nikawasha kamera ya simu nikahesabu: mara 23 mfululizo, na baina ya mara na mara analia kidogo. Video ile ndiyo iliyotuokoa. Daktari wa neva aliitazama mara moja akaagiza EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, siku hiyohiyo.

Ni mishtuko ya kifafa cha watoto wachanga, inatoka kwenye TSC. Ana miaka minne sasa. Moyo wake ni safi kabisa, hauna hata kovu. Maneno yake ni kumi na mawili.

Sijui kama tungewahi ingekuwaje. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyetuambia tuangalie.

#10 Kambi_ya_Kudumu

Pole sana mkuu. Sina la kuandika.

#11 Mpima_Mioyo

BabaPili, ahsante kwa kuandika. Hii ndiyo ile nusu nyingine.

Watu wanaposikia "uvimbe unanywea" wanafunga faili. Kwa mtoto mwenye TSC uvimbe wa moyo ni kama moshi: ukitoweka haimaanishi jikoni hakuna moto. Mwongozo wa kimataifa wa TSC uliohuishwa mwaka 2021 unataka EEG mapema, kabla ya mishtuko kuanza, na irudiwe kila wiki 6 mpaka mtoto afikishe mwaka. Utafiti wa EPISTOP, uliochapishwa mwaka huohuo, ulionyesha kwamba watoto walioanzishiwa vigabatrini, dawa ya kifafa, mara tu EEG ilipoanza kuharibika, kabla mzazi hajaona chochote, walipata kifafa kwa uchache na kwa kuchelewa kuliko waliosubiriwa mpaka waanguke. Dawa hiyo ina gharama yake, inaweza kupunguza upana wa kuona, kwa hiyo macho nayo yanafuatiliwa.

Sasa piga hesabu. Mishtuko hii mara nyingi huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nane. Uvimbe wa moyo unaweza kuonekana miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo mimi na probu yangu tunakuwa tumepewa nusu mwaka wa kutoa taarifa, na tusipoutumia hatuna kisingizio.

#12 Dawa_na_Dozi

Mfamasia hapa. Ngoja nigusie dawa maana naona watu wananifuata kwa ujumbe wa siri.

Kama tatizo ni breki ya mTOR iliyolegea, zipo dawa zinazoushika mtambo wenyewe: sirolimasi na ndugu yake everolimasi. Historia yake ni tamu. Sirolimasi ilitoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa Kisiwa cha Pasaka mwaka 1964. Wenyeji wanakiita kisiwa Rapa Nui, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa rapamaisini. Ilianza kama dawa inayoua fangasi, ikaishia kuwa dawa ya waliopandikizwa figo, na sasa tunaipeleka kwenye moyo wa kilo tatu za mtu.

Mtoto mchanga ambaye rabdomioma inamzibia damu au inavuruga mapigo akipewa everolimasi, uvimbe huweza kupungua ndani ya wiki chache, mahali ambapo kusubiri kungechukua miezi au miaka. Mwaka 2018 New England Journal of Medicine ilichapisha kisa cha mjamzito aliyepewa sirolimasi anywe yeye, ili imfikie mtoto kupitia kondo la nyuma, na uvimbe ukapungua akiwa bado tumboni. Tangu hapo vimeripotiwa visa vingine, ila ni vichache, na huyo mama naye anakuwa amekunywa dawa ya kushusha kinga bila kuumwa.

#13 Mdadisi

Sasa hapa ndipo nisipowaelewa watu wa afya. Dawa ipo, inafanya kazi, ugonjwa unajulikana. Kwa nini asipewe kila mtoto mwenye uvimbe? Mnasubiri nini?

#14 Dawa_na_Dozi

Kwa sababu wengi wao wangepona moyo bila hiyo dawa, na dawa haiji mikono mitupu. Inashusha kinga, inaleta vidonda mdomoni, inapandisha mafuta ya damu. Mtoto anatolewa damu mara kwa mara kupima kiwango. Walio wengi hulenga nanogramu 5 hadi 15 kwa mililita, na ini la mchanga bado ni changa, dozi uliyodhani ndogo inakuja kuwa kubwa. Akipewa erithromaisini (antibiotiki) au flukonazoli (dawa ya fangasi) kiwango kinaruka. Akipewa fenobabitoni (dawa ya kifafa) kinaanguka. Chanjo zenye vimelea hai, kama BCG, polio ya matone na rota, lazima zipangwe upya. Na ukiiacha mapema, uvimbe huweza kurudi kukua.

Zaidi ya hapo, kwa uvimbe wa moyo wa mchanga dawa hii haina kibali rasmi. Kwa TSC, everolimasi ilianza kupata kibali Marekani mwaka 2010, kwa uvimbe wa ubongo. Madaktari wanaitumia kwa moyo kwa uamuzi wao, mtoto mmoja mmoja.

#15 Mpima_Mioyo

Naunga mkono, na naongeza upande wa picha. Vitu vitatu vikitokea tumboni, sauti za kliniki zinabadilika: uvimbe kufika milimita 20, mapigo kuvurugika, na mtoto kuanza kujaa maji, yaani maji kwenye tumbo, kifua na chini ya ngozi. Hilo la tatu ndilo baya zaidi, linasema moyo umeelemewa. Bila hayo matatu, wengi hufika mwisho wa mimba na hujifungua kwa njia ya kawaida.

Wachache ambao uvimbe umeziba njia ya kutokea damu hupangiwa kuzaliwa mahali penye daktari wa moyo wa watoto, chumba cha upasuaji na wodi ya wachanga mahututi. Huko mtoto huweza kuanzishiwa prostaglandini kwa dripu, ili ule mshipa wa daktasi uliokuwa ukitumika tumboni usijifunge na damu iwe na njia ya pembeni. Baada ya hapo ni dawa au kisu. Daktari wa upasuaji akiingia kwenye rabdomioma, hakwangui yote. Anapunguza kiasi cha kufungua njia tu, kwa sababu uvimbe umefumwa ndani ya nyama ya moyo na kinachobaki kitanywea. Kuna wanaodhani daktari aliyeacha kipande kafanya kazi nusu. Kafanya kazi kwa akili.

Na hata mtoto ambaye hana dalili apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akishazaliwa. Vivimbe hivi vinaweza kufanya daraja la umeme lisilo halali kati ya atriamu na ventrikali, na picha nzuri ya altrasaundi haitakuonyesha daraja hilo.

#16 Mama_Teratoma

Jina langu nimelibadilisha kwa ajili ya hapa 😅

Nataka walio na teratoma wasijione wamesahauliwa, maana hadithi yetu haina kusubiri. Wangu aliambiwa wiki ya 28, kitu chenye vifuko kando ya aota, na maji mengi kwenye mfuko wa moyo. Nakumbuka moyo kwenye skrini: ulikuwa unacheza kama tunda linaloelea kwenye ndoo. Uvimbe wenyewe hauna sumu, ila maji yanaubana moyo usijae.

Wiki ya 29 walipitisha sindano kwenye tumbo langu, kwenye kifua chake, hadi kwenye mfuko, wakanyonya maji. Yalikuwa ya manjano hafifu, yametulia ndani ya bomba la sindano. Kabla hawajaichomoa nikaona kwenye skrini moyo umepanuka. Yalirudi baada ya siku tisa, wakarudia. Wengine huwekewa kimrija kinachomwaga maji kwenye maji ya uzazi. Sisi tulifika wiki ya 33, nikafanyiwa upasuaji wa uzazi, na yeye kesho yake akafunguliwa kifua. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko moyo wake. Umetolewa wote. Yuko darasa la kwanza na anapenda kugombana.

Kwa teratoma hakuna TSC, hakuna EEG. Kuna kuwahi tu, na kila baada ya siku chache mtu aangalie yale maji.

#17 Mdadisi

Kuna tiba kwa hemangioma? Imetajwa ikapitwa.

#18 Mpima_Mioyo

Imepitwa kwa sababu ni chache na sijaziona nyingi. Baadhi hunywea zenyewe, nyingine hujibu kwa propranololi au stiroidi, nyingine hukatwa. Sina zaidi ya hapo. Fibroma nayo: isiyo na dalili wengine huichunga, inayoleta mapigo mabaya au kuziba hukatwa, na isiyokatika imewahi kupeleka watoto kwenye orodha ya kupandikizwa moyo.

#19 MamaWaKwanza

Wiki 31. Kikubwa kimefika milimita 19. Mapigo sawa, hakuna maji. MRI ya ubongo imesomwa haina kitu. Maji ya uzazi tumekataa kuchukuliwa, tutapima damu akizaliwa.

Milimita 19. Nimekaa naangalia rula ya shule.

#20 Mpima_Mioyo

Dada, weka rula kabatini. Ile 20 imetokana na kuwaangalia watoto wengi waliopita, haina maana kwamba saa sita usiku ikifika 20 kengele italia. Swali la kwenda nalo: damu inapita kwa kasi gani mbele ya uvimbe, na imebadilika tangu mara ya mwisho? Uvimbe wa milimita 22 uliokaa pembeni unaweza kuwa mpole kuliko wa 9 uliokaa mlangoni. Na kumbuka sasa hivi ndio wakati wake wa kukua.

#21 BabaPili

Dada, akizaliwa jizoeze kumpiga video asubuhi anapoamka. Dakika moja tu, kila siku. Si kwa kuogopa. Uwe nazo tu.

#22 MamaWaKwanza

Wakuu, nimerudi. Alizaliwa wiki ya 38, njia ya kawaida, kilo 3 na gramu 100. Kalia kabla hajatoka vizuri. ECG nzuri. Kikubwa ni milimita 18, damu inapita. Hakuna dawa, kurudi kliniki ya moyo baada ya wiki nne. Ana siku kumi leo.

Damu ya jeni imepelekwa, majibu bado. Jana daktari wa ngozi alizima taa akammulika kwa ile taa ya zambarau. Madoa meupe mawili yalionekana waziwazi, moja mgongoni na moja pajani, yamekaa kama majani membamba. La tatu liko nyuma ya goti, dogo, na mtoto alikuwa anapiga teke, hawakulipima. Wamesema tutaangalia tena. Mimi nimekwisha kuliona hata mchana sasa nikishajua lilipo.

Je, la tatu lina uzito wowote?

#23 Mpima_Mioyo

Hongera sana mama! Na karibu mtoto.

Lina uzito. Rabdomioma inahesabika kuwa dalili kuu moja ya TSC. Madoa meupe matatu au zaidi, kila moja likiwa na angalau milimita 5, ni dalili kuu ya pili. Zikiwa mbili, hawasubiri majibu ya jeni kutamka kwamba ni TSC. Mpime akiwa amelala, upana wa doa, usibonyeze ngozi.

Rula ile bado iko kabatini?

#24 MamaWaKwanza

Nimeitoa.

Milimita 6. Nimepima mara tatu.

#25 Mpima_Mioyo

Piga picha pamoja na rula, mtumie daktari wa ngozi asubuhi. EEG wamekupangia lini?

#26 MamaWaKwanza

Walisema nikitaka, akifika miezi mitatu. Nitapiga simu kesho niombe ya wiki hii.

#27 BabaPili

Piga saa mbili kamili, kabla foleni haijaanza. Usikubali "tutakupigia".